Simama Wima, Mikono Chini

Koti langu la kazi lilikuwa likinibana kwapani. Alinishonea dada mwaka nilioingia dukani kwake, la buluu, mifuko miwili mbele, na tangu siku hiyo sikuwahi kulifikia boksi la nyuzi kwenye rafu ya juu bila mshono kulalamika. Nikitaka uzi, namwita mtu. Mtu asipokuwepo, napanda kigoda. Wateja walidhani ni uvivu, nami niliwaacha wadhani, maana kujieleza kunachosha kuliko kupanda kigoda.

Dada yangu anashona sare za shule, na mtaa mzima unamwita Mama Sare. Duka lake ni chumba kirefu chembamba: mbele kaunta, katikati cherehani tatu mstari mmoja, nyuma pazia, na nyuma ya pazia chumba cha kukatia kisicho na dirisha. Mmoja akitaka kupita, mwingine lazima avute kiti. Dada alikata, mimi nilitoboa matundu na kushona vifungo, na binti yake alipiga marinda. Huyo binti tulimwita Rinda, kwa sababu alipokuwa mdogo alikaa chini ya meza ya mama yake akikunja karatasi za kukatia, kunjo juu ya kunjo, mpaka tukakosa karatasi za kazi. Jina likamganda.

Kupima ilikuwa kazi ya dada peke yake. Mzazi anamsukuma mtoto mbele, dada anavuta tepu shingoni, anasema, "Simama wima, mikono chini," na mtoto ananyooka kama msumari. Hata wale watundu wanaopanda kaunta walinyooka. Dada anataja namba, mimi naandika kwa chaki kwenye ubao ulio ukutani. Sijui ni watoto wangapi wa mji huu wameshika pumzi mbele ya dada yangu, ila nadhani ni wote.

Alipompeleka Rinda chuo cha ushonaji, si kwamba alitaka ajifunze kushona. Kushona alishajua. Dada alitaka cheti cha kutundika ukutani, maana shule zilikuwa zimeanza kuulizia vyeti. Aende, akichukue, arudi kwenye cherehani yake. Na kwa kuwa dada hapendi kungoja, mtoto hajafika hata nusu ya masomo tayari keshaita mchoraji wa vibao. Siku moja Rinda akatoka chuoni akakuta kibao kipya juu ya mlango, rangi bado mbichi: MAMA NA BINTI, SARE ZA SHULE. Nilikuwa kwenye kaunta, niliuona uso wake. Alikisoma mara ya kwanza, akakisoma tena, akasema kimependeza, kisha akapita nyuma ya pazia na hakutoka mpaka tulipofunga duka. Mimi niliyekula vumbi la vitambaa pale miaka yote sikuandikwa hata pembeni, lakini hayo ni yangu, nitayameza.

Basi, mwaka wa mwisho kila mwanafunzi wa chuo lazima ashone kitu kimoja kikubwa cha kumpima ufundi. Wenzake wakachagua magauni ya harusi na suti. Mwalimu wao akaja na habari kutoka jumba la maonyesho: kulikuwa na kundi la baleti, ile dansi ya watu wanaosimama kwenye ncha za vidole vya miguu, na walikuwa wanatayarisha mchezo wa mzinga wa nyuki. Walihitaji vazi la malkia wa nyuki. Atakayelishona, na vazi likavumilia dansi yote jukwaani bila kumwangusha mchezaji, angeajiriwa kwenye chumba cha mavazi cha jumba lile. Rinda aliinua mkono mwalimu hajamaliza sentensi.

Aliniambia mimi kwanza, tukiwa tunakung'uta mabaki ya vitambaa uchochoroni. "Ma'mdogo, nikiikosa hii, nitapiga marinda mpaka nizeeke."

Nikamwambia marinda si ugonjwa. Aliniangalia usoni, akaangalia koti langu, akarudisha macho kwenye gunia. Iliniuma, siwezi kusema uongo, tena iliniuma kwa sababu hakuwa na nia mbaya.

Dada hakukataa. Dada yangu huwa hakatai kitu, anakiwekea kazi juu yake. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, naye akapokea oda ya shule mpya, sketi tupu, kila sketi marinda kuzunguka kiuno kizima. Akaziweka lundo kwenye cherehani ya binti yake, akasema zinatakiwa kabla ya watoto kuingia darasani. Rinda akapiga hesabu kichwani, nami nikapiga yangu, na sote wawili tukaona kwamba onyesho na oda vinaangukia wiki moja. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaanza kuja dukani kabla hatujafungua, na mchana sisi tunapokula yeye alikuwa nyuma ya pazia na malkia wake.

Na lilikuwa vazi, jamani. Kizibao kilikuwa cha dhahabu iliyofifia, kitambaa kimekunjwa na kushikwa kwa sindano mpaka kikawa masega matupu, vijumba vya pembe sita kutoka kifuani hadi kiunoni, na kila kijumba kina shanga moja ya rangi ya asali. Ndani alitia vijiti vyembamba vya plastiki vya kukisimamisha, wenyewe wanaviita mifupa. Sketi ilikuwa ya neti ngumu, tabaka juu ya tabaka, jeupe chini kabisa, hudhurungi juu kabisa, na ilikaa mlalo kiunoni kama sinia. Mabaki ya neti yalitapakaa kila mahali. Niliyakuta kwenye nywele, kwenye soksi, na siku moja kwenye chai.

Sketi ya namna hiyo haitundikwi kama nguo za watu. Inaning'inizwa kichwa chini, la sivyo matabaka yanalegea. Kwa hiyo ilikaa juu ya vichwa vyetu kule nyuma, nasi tukawa tunainama kila tunapopita. Dada aliitazama siku ya kwanza akauliza kama nguo isiyofika hata mapajani ni nguo au ni kofia. Mimi nilicheka. Rinda hakucheka, alikuwa na pini mdomoni.

Kabla ya yote hayo mchezaji mwenyewe alikuwa amekuja kupimwa dukani. Msichana mrefu, mpole, shingo ndefu, anatembea vidole vya miguu vimetazama nje kama bata. Rinda akavuta tepu shingoni kama alivyomwona mama yake akifanya tangu azaliwe. "Simama wima," akamwambia, "mikono chini." Hata sauti ilikuwa ya mama yake. Msichana akanyooka. Rinda akataja namba, nikaandika. Nyuma ya pazia mkasi wa dada ulisimama kidogo, na nilipochungulia nilimkuta anatabasamu. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeona kosa. Nani katika duka lile alikuwa amewahi kumpima mtu kwa namna nyingine?

Siku ya kujaribisha nilimsindikiza Rinda jumbani, maana lile vazi lilihitaji watu wawili na njia ya watu wanne. Tulilibeba kwenye shuka, watu wakatupisha barabarani wakidhani tumebeba mgonjwa. Chumba cha mavazi kilikuwa juu, madirisha makubwa, meza ndefu ambayo mtu anaweza kuizunguka pande zote bila kumsogeza mwenzake. Rinda aliingia akasimama katikati akageuka taratibu, hajagusa kitu. Nilijua anapima nini.

Msimamizi wa mavazi alikuwa mama mmoja mkavu, pini zimejipanga kwenye ukosi wake. Mchezaji akavaa. Kulabu za mgongoni zikaingia zote, kizibao kikamkaa mwilini kama amezaliwa nacho, na wenzake waliokuwa wamekaa sakafuni wakainuka kutazama. Yule mama akalizunguka vazi, akapenyeza kidole kwenye mishono, akatikisa kichwa kukubali. Moyo wangu ukapanda. Ndipo akasema, "Haya, cheza."

Mchezaji akainua mikono, na vazi lote likainuka naye. Kizibao kikapanda shingoni, sketi ikapanda mbavuni, mifupa ikamchoma. Akajaribu kuvuta pumzi, haikupita. Akabaki hivyo, mikono imeishia usawa wa masikio, kama mtu aliyekutana na wezi.

"Samahani," akasema kwa adabu zake, "nimefungwa."

Msimamizi akamgeukia Rinda. "Ulimpima amesimama?"

"Ndiyo."

"Basi umemshonea aliyesimama. Mimi namhitaji anayecheza."

Hakupandisha sauti, na laiti angepandisha. Akasema onyesho ni Jumamosi, na Ijumaa anataka kumwona msichana wake akiruka. Isipokuwa hivyo, watachukua vazi la zamani stoo, na nafasi ile ya kazi itangojea mwanafunzi wa mwaka mwingine.

Tuliporudi dukani dada alitaka kujua, nikamwambia limembana. Akaliteremsha vazi mwenyewe, akaligeuza ndani nje, akakagua mshono mmoja mmoja. Sijawahi kumwona akiisifia kazi ya mtu, lakini mikono yake ilienda polepole. "Nguo haina kosa," akasema. "Mwambie asiinue sana."

Hapo mtoto alipasuka. "Mama, kuinua ndiyo kazi yake! Na hao watoto wote tunaowapima hapa, kuna hata mmoja anayesimama vile akishatoka mlangoni?"

Dada akamjibu kwamba shule wanakwenda kusoma, si kuruka. Kisha akaweka kiganja juu ya lundo la sketi. Rinda akavuta kiti, akakaa, akaanza kupiga marinda. Joto la siku lilikuwa limejaa mle ndani, feni inazungusha vumbi lile lile, na mgongo wake ulikuwa umeinama juu ya cherehani namna ninayoijua. Nilikuwa nautazama mgongo wangu mwenyewe, na nilikasirika. Nilimkasirikia dada, nikajikasirikia mimi, nikakikasirikia na kile kibao.

Hasira bila ujuzi haishoni. Nilichukua nusu ya lundo nikasema nitamsaidia, na marinda yangu yakatoka kama meno ya kizee, moja hapa, jingine kule, pengo katikati. Dada alipita, akatazama, akakaa chini na kijembe chake cha kufumulia akayafumua yote. Kwa hiyo nilikuwa nimewaongezea kazi.

Asubuhi iliyofuata Rinda alimleta mchezaji dukani. Wateja walikuwa wameshaanza kuingia, wazazi na watoto wao. Rinda akasukuma cherehani zote ukutani, jambo ambalo sikujua kama linawezekana, akakata vipande vya uzi mnene, akamwambia yule msichana acheze. Acheze pale pale, kati ya kaunta na pazia. Na akacheza, bila muziki, kwa vile viatu vyake vigumu vinavyogonga sakafu. Kila alipofika kwenye pozi Rinda alimwambia agande, akamnyooshea uzi kutoka kwapani hadi kiunoni, kutoka bega hadi bega mgongoni, kifua kikiwa kimejaa pumzi, kifua kikiwa kitupu. Mimi niliandika namba mpya kando ya zile za zamani. Watoto mlangoni walikuwa wamesahau kunyooka.

Dada akatoka nyuma ya pazia na mkasi mkononi, mdomo umeshafunguka tayari kutugombeza. Mguu wa mchezaji ukapita hewani mbele ya uso wake, akarudi nyuma hatua moja. Mdomo ukajifunga. Akaangalia ubao. Kati ya namba ya mkono chini na namba ya mkono juu kulikuwa na tofauti ya kiganja kizima. Aliitazama ile tofauti muda mrefu kuliko alivyomtazama mchezaji. Kisha akalizoa lile lundo la sketi lililobaki, akapotea nalo nyuma ya pazia. Nilidhani amenuna, kwa hiyo sikumfuata.

Rinda akachukua mkasi akakata kizibao kilichokwisha, kwapani, pande zote mbili. Shanga zikamwagika sakafuni. Wiki nzima za masega zilipita chini ya ule mkasi, na mimi nililazimika kugeuka ukutani. Akatia pale vipande vyenye umbo la almasi vya kitambaa kinachovutika, akatenganisha mabega akayashika kwa lastiki iliyofichwa, akarudishia masega juu yake kijumba kwa kijumba. Shanga niliziokota mimi, nimepiga magoti, na hiyo angalau niliiweza. Ijumaa msichana aliruka, na yule mama wa pini akasema tutaona kesho.

Kesho yake dada alisema duka halifungwi Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Hata mimi aliniacha niende kwa shingo upande. Tukasimama kando ya jukwaa, gizani, Rinda na sindano yenye uzi imechomekwa kifuani kwa lolote litakalotokea. Sijui baleti, nisijifanye. Lakini nilielewa. Malkia yuko katikati ya mzinga, wenzake wanamzunguka, wanamlisha, wanamtunza, na kila akielekea ukingoni wanamrudisha katikati kwa upole. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Kisha akainua mikono, juu kabisa, mpaka ncha za vidole, na vazi likabaki pale pale lilipokuwa. Rinda alinibana mkono mpaka pete ikanikata.

Pazia liliposhuka, msimamizi alipenyeza kidole kwenye kwapa lililolowa jasho, akavuta, akaachia, mshono ukarudi mahali pake. "Jumatatu asubuhi," akamwambia Rinda, "uje na koti lako la kazi." Ningekuwa mimi ningeruka. Yeye alinigeukia, uso umemshuka, akauliza, "Nitamwambiaje Mama?"

Tulimkuta dada anafunga sketi mafungu mafungu. Zote zilikuwa na marinda, yamenyooka, na hayakuwa ya Rinda wala, Mungu anajua, hayakuwa yangu. Rinda akamwambia. Dada akasema hongera, akaendelea kufunga. Ukimya huo ulilala nasi na kuamka nasi. Jumapili nilimvuta mtoto kando nikamwambia aende zake, mama yake niachie mimi. Akasema hawezi kuondoka amenuniwa, kwamba akitoka vile atakuwa anarudi kila siku moyoni. Ilipofika alasiri akafungua kifuniko cha cherehani yake, akavuta kiti, akakaa. Nikajua basi, imekwisha. Nikachukua boksi la vifungo, nikawa navichambua ingawa vilikuwa vimeshachambuliwa.

Dada akatoka nyuma ya pazia, tepu shingoni, kitambaa cheusi kizito begani. "Njoo hapa," akamwambia binti yake.

Rinda akaenda, akasimama wima, mikono chini.

"Hapana," dada akasema. "Inua mikono."

Nilichukua chaki bila kuambiwa. Dada akapima kutoka kwapani hadi kiunoni, akazunguka mgongoni, akamwamuru ajaze pumzi, aitoe, ajikunje kama anaokota sindano, anyooke kama anafikia rafu. Sauti ilikuwa ile ile ya kutisha watoto. Akauliza huko jumbani wanavaa makoti ya rangi gani, Rinda akasema hajui, dada akasema basi jeusi, halionyeshi mafuta ya cherehani. Machozi yalikuwa yanamtiririka mtoto, na kwa kuwa mikono ilikuwa juu hakuweza kuyafuta. Dada akayafuta kwa ncha ya tepu, akataja namba inayofuata.

Nilikuwa nafurahi, wallahi nilikuwa nafurahi. Lakini mdomo wangu haujawahi kungoja ruhusa. "Dada," nikasema, "mbona mimi hukunipima hivyo?"

Akanitazama, kwa mshangao wa kweli. "Wewe unakwenda wapi?"

Hakukusudia ubaya. Nilishusha chaki. Miaka yote ilikuwa ndani ya swali lile, matundu ya vifungo yote, na jibu lake nilikuwa nalijua.

"Siendi popote," nikamwambia. "Ila boksi la nyuzi liko juu."

Dada akaangalia rafu. Akaangalia kigoda, ambacho miguu yake imelika kwa kukokotwa. Akaangalia koti langu, na sidhani kama alikuwa amelitazama tena tangu alipokata uzi wake wa mwisho. Akamwambia Rinda asogee, akanigeukia na tepu.

Sikungoja aseme. Nikainua mikono yote miwili, juu kabisa, na mshono wa kwapani ukapasuka mpaka kiunoni, sote watatu tukausikia. Rinda akaenda ubaoni akachukua chaki.